Ushanga Huulizwa Kwao

Nikiwa mtoto niliamini kwamba kila ushanga una kwao, na kwamba ukiuvaa bila kuuliza kwao ni wapi, utadai damu. Imani hiyo niliipata kwa Bibi, mama yake mama yangu, aliyeletwa kutoka Tanga kuja kutulea mimi na mdogo wangu Idi wakati Mama anafanya kazi ya kuwahudumia wazee. Tuliishi Crescent Town, mashariki ya Toronto, kwenye jengo ambalo lifti yake ilinukia bizari za mataifa yote. Wenzangu shuleni walikuwa wakitunga bangili za shanga za plastiki na kugawiana kama peremende. Siku moja nikarudi na yangu. Bibi akanikamata mkono, akaugeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Hizi kwao wapi?"

"Dukani, Bibi."

"Duka la nani? Nani alizivaa kabla yako?"

"Hakuna. Mpya."

"Aliyekwambia mpya ni nani, mke mwenzangu?" Akachukua mkasi.

Mke mwenzangu, ndivyo alivyoniita, kwa utani wa bibi na mjukuu. Idi, aliyekuwa na miaka mitatu, alikuwa "mume wangu". Tuligombea mume huyo kila siku, nani ampakate, nani amlishe, na yeye alitunyanyasa sote wawili kwa haki sawa.

Jioni Bibi alinifundisha herufi za Kiarabu kwenye meza ya jikoni. Tulipofika ain alinisimamisha. Hii si herufi tu, akasema. Ain ni jicho. Na mtu mwenye ain ni mtu ambaye akitazama sahani inapasuka, akitazama ziwa la mama maziwa yanakauka, akimtazama mtoto mtoto anakufa. Hana haja ya kukuchukia. Anaweza kukupenda na bado akakuua. Kwa ajili hiyo Idi alitiwa doa la wanja kwenye paji la uso kila asubuhi, na kila asubuhi walimu wa chekechea walilifuta kwa kitambaa chenye dawa, wakamwandikia Mama kwamba mtoto aoge vizuri zaidi. Jamani. Kuna siku nitawasamehe wale walimu, ila siyo mwaka huu.

Mlango uliotazamana na wetu ulikuwa wa Fumi, mjane kutoka kisiwa cha kaskazini kabisa cha Japani. Yeye na Bibi hawakuwa na hata neno moja la pamoja, lakini walikuwa marafiki kwa njia ya sahani. Sahani ilikwenda na maandazi, ikarudi na figili za kuchachushwa, ambazo Bibi alizila huku amekunja uso, kwa sababu kurudisha chakula cha jirani ni dhambi. Mama alipochelewa, Fumi ndiye aliyenivusha barabara kwenda shule.

Kwake niliona shanga ambazo sijaona mfano wake tena. Alizihifadhi ndani ya kopo la mchele, zimefukiwa. Uzi mmoja mrefu, vioo vizito vya buluu na vyeupe, vingine vikubwa kama yai la njiwa, vimekwaruzika hadi vikawa na ukungu. Mama yake alizificha ndani ya mchele vivyo hivyo, akaniambia kwa Kiingereza, na bibi yake kabla ya hapo. Kwa sababu kule kwao, kujulikana kwamba wewe si Mjapani kama wengine kulimaanisha kupigwa mawe njiani na kukosa mchumba. Jina la watu wake alilinong'ona kama anayetaja ugonjwa wa aibu. Mimi nilikuwa na miaka kumi, jina halikuniingia.

Ila nilielewa kwamba alikuwa na furaha. Watu fulani wa chuo kikuu walikuwa wamekubali kuvipima vile vioo ili wamwambie vilitengenezwa nchi gani, na siku yake ya kwenda ilikuwa karibu. Maisha yake yote alivivaa gizani, kwenye kioo cha bafuni, na mlango umefungwa. Sasa alitaka kujua vilikotoka, na alitaka kuvivaa mchana. Alisema hivyo, "mchana", kama mtu anayetaja mahali.

Ikaja Jumamosi ya theluji, saa saba mchana. Mama yuko kazini. Idi ana homa tangu alfajiri, amelala kwenye zulia la sebuleni. Bibi ameketi sakafuni anatwanga vitunguu saumu na pilipili manga kwenye kinu alichokisafirisha kutoka Tanga, kinu ambacho wapangaji wa chini yetu walikwisha kukilalamikia mara nyingi. Fumi akabisha hodi, akaingia na sufuria ya supu kwa ajili ya mgonjwa. Shanga zilikuwa shingoni mwake, juu ya sweta, mchana.

Aliketi, akampakata Idi. Idi akafumbua macho, akaona ule ushanga mkubwa wa buluu, akaufumbata kwa kiganja chote.

Mchi ukasimama.

"Muulize," Bibi akaniambia, "hizo shanga kwao wapi?"

Nikauliza. Fumi akatabasamu. "Ndicho ninachokitafuta. Hakuna anayejua."

"Anasema hakuna anayejua, Bibi."

"Hajui?" Bibi akaniangalia mimi, si Fumi. "Mtu mzima anavaa kitu hicho shingoni, anampakata mgonjwa, na hajui? Basi muulize ni za nani."

Sikuhitaji kuuliza. Fumi aliielewa sauti. Akaweka kiganja kifuani, akanyoosha mgongo, na lile neno ambalo alilinong'ona miaka yote akalisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja jina lake kliniki.

"Ainu," akasema. "Mimi, Ainu."

Na Idi akakakamaa.

Kama hujawahi kuona degedege, omba usione. Mgongo ulipinda, macho yakageuka weupe mtupu, meno yakasagana, povu likatoka. Mkono uliofumbata ushanga haukuachia. Kila mwili ulipotikisika ulimvuta Fumi shingo, na Fumi akawa anatikisika naye, kama wamefungwa kamba moja.

Sasa jiweke mahali pa Bibi. Ndiyo, nakwambia wewe unayecheka. Mwanamke amekiri kwa mdomo wake kwamba shanga zake hazina kwao. Ameulizwa ni za nani, amegonga kifua na kusema ni za ain, yeye mwenyewe ni ain. Na papo hapo mtoto anakufa kwenye mapaja yake. Ushahidi gani mwingine ulitaka?

"Mume wangu!" Bibi alipiga yowe. Sijawahi kusikia sauti ile tena. Alimpiga Fumi kofi lililompindua, akamnyakua Idi, na uzi ukakatika. Shanga zilimwagika zikaruka kwenye zulia, zikabingiria hadi jikoni, zikagonga miguu ya meza. Bibi akamlaza mtoto ubavu, hilo alilijua, akaniambia nimshike kichwa. Kisha akachukua mchi.

Ushanga wa kwanza ulipasuka kama mlio wa bastola ya mchezo. Wa pili ulikataa, akaupiga mara mbili, ukawa unga wa buluu. Alipiga huku anasoma, aya na pigo, aya na pigo, jasho linamtoka, nywele zimechomoka kwenye mtandio. Fumi alitambaa kwa magoti akizifunika kwa viganja, akilia kwa lugha ambayo hata Kijapani haikuwa, najua hilo sasa. Alifunika ushanga mmoja kando ya kabati. Mchi ukashuka.

Nilisikia vidole. Mwenye kutaka maelezo zaidi atayakosa.

Fumi hakupiga kelele. Alisimama taratibu, mwanamke mfupi, mwembamba, aliyekuwa akinifunga kamba za viatu. Kwa mkono mzima akainua sufuria na supu yake, akampiga nayo Bibi usoni. Akampiga tena. Jino la Bibi lilitoka. Wakashikana, wakaanguka juu ya vipande vya kioo, wanakwaruzana, wananyongana, supu na damu na pilipili manga, vikongwe wawili waliolishana figili na maandazi, na mimi nimeshika kichwa cha mdogo wangu kwa mkono mmoja na kwa mkono mwingine nabonyeza simu kuomba msaada.

Msaada ulikuja ukiwa na bunduki kiunoni. Wahudumu wa wagonjwa walimchukua Idi, ambaye degedege lilikuwa limekwisha na sasa alilia kwa hasira, sauti nzuri kuliko zote. Polisi mmoja alimgandamiza Bibi ukutani, akamtia pingu juu ya bangili zake. "Mume wangu! Mnampeleka wapi mume wangu?" Bibi akalia. Polisi akaniuliza anasema nini. Nikamwambia anamwita mume wake. "Mume gani?" Nikamwonyesha Idi. Alivyonitazama, ningeweza kumwambia tunakula watu na angeandika.

Mwenziwe alikuwa amechuchumaa mbele ya Fumi, aliyekuwa ameviringishiwa kanga mkononi. Akamuuliza ni kitu gani alimwambia Bibi hadi akapigwa. Tazama swali hilo. Mtu amevunjwa vidole, na swali la kwanza ni alimchokoza kwa lipi.

Fumi akajibu, "Sikusema kitu."

"Wewe ni nani wake?"

"Jirani tu. Mimi Mjapani."

Mama alifika na sare yake ya kazi. Alitazama zulia, akatazama ukuta wenye damu, akaniuliza nani aliita polisi. Nikasema mimi. Akanizaba kibao mbele yao wote, nikaona nyota. "Bibi yako! Umemwitia polisi bibi yako!" Nimeshinda mashindano mengi ya midahalo tangu wakati huo, na kila ninaposimama kujitetea ninajitetea mbele ya kile kibao. Ningefanyaje? Ningemwita nani?

Ilikuwa homa ya sikio. Madaktari walisema watoto wengi hupata degedege homa ikipanda ghafla, na hupita bila madhara. Idi sasa ana urefu wa mlango, na ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza. Fumi alikataa kumshtaki Bibi. Kwa miaka mingi nilidhani ulikuwa ukarimu. Hakwenda kwenye ile miadi ya chuo kikuu. Alihamia kwa binti yake huko Downsview. Bibi akarudishwa Tanga kabla baridi haijaisha, mdomo umeshonwa, akiwa na hakika yake. "Si nilisema? Ushanga usio na kwao hudai damu. Na imemwagika au haikumwagika?" Ilimwagika. Ulikuwa utabiri wa kweli kabisa, na aliyeutimiza alikuwa ameshika mchi.

Ningeacha habari hii ilale kama si mdahalo wa mwaka huu. Hoja ilihusu vitu vya mababu vilivyomo kwenye makumbusho, kama virudishwe kwa wenyewe. Kijana mmoja wa upande wa pili, fulana nzuri, sauti nzuri, akasema kwamba watu hao mara nyingi hata hawajui vitu vyao vilitoka wapi, hivyo afadhali vikae na wanaojua. Ukumbi ukapiga makofi. Nilikuwa na majibu manne. Badala yake nikasimama nikamuuliza kama amewahi kusikia mtu akivunjwa vidole kwa sababu ya kutojua huko. Mwenyekiti akaniambia nimetoka nje ya hoja. Tukashindwa. Kesho yake nikapanda basi kwenda Downsview.

Kati ya maghala na majengo ya kupanga nilimkuta Fumi amezeeka, vidole viwili vimebaki vimepinda kama ndoana. Alinitambua mlangoni. Alichemsha chai kwanza. Ndipo nikamuuliza kwa nini hakumshtaki.

"Mahakamani wangeniuliza lile neno tena," akasema. "Nililisema mchana mara moja tu. Uliona."

Akanieleza desturi ya kwao ambayo mimi sikuijua. Zamani, mtu akifariki, vitu vyake vilivunjwa kabla ya kuzikwa naye, kwa sababu kitu nacho kina roho, na roho ya kitu haitoki mpaka kitu kivunjike. "Bibi yako alipovunja ule wa kwanza, nilifikiri anajua. Nilifikiri kuna mtu amemfundisha namna ya kutuzika." Akakoroga chai. "Nami nilikuwa bado mzima. Nikachukua sufuria."

Nilikwenda naye maabara, miadi mpya, miaka kumi na zaidi imechelewa. Alikuwa amebakiwa na shanga chache nzima na mfuko wa vipande. Nzima hakuziachia, kwa kuwa mashine huacha kitundu. Akawapa vipande. Wakavipima, wakasoma ndani ya kioo mchanga na madini yaliyoyeyushwa pamoja, kama vile mpishi anavyoonja pilau akakwambia bizari. Buluu ile, walisema, inafanana na kioo cha China. Iliwezekana kuwa ilipita mto Amur, mkono kwa mkono, ikavushwa kisiwa cha Sakhalin hadi kwa watu wake. Nyeupe kadhaa huenda zilitoka kwa Warusi. Msichana wa maabara, mwema tu, akasema ilikuwa bahati kwamba kuna zilizovunjika. Nilimjibu neno ambalo siwezi kuliandika hapa. Vidole vya mtu si bahati ya sayansi.

Fumi aliuliza kitu kimoja: zilinunuliwa kwa kitu gani? Kwa ngozi za wanyama, wakamjibu, za mbwamwitu na za sable, mnyama mdogo mwenye manyoya ya thamani. Akatikisa kichwa. Bibi yake alimwambia kwamba ngozi zilipokosekana, walichukuliwa watu.

Kwetu pwani nasi tunalijua hilo, tumelisoma shuleni na kulipita haraka. Misafara iliingia bara na marobota ya shanga, ikatoka na pembe na binadamu. Kuna mtu fulani, mwanamke yumkini, aliyekuwa wa kwanza kumshika mwanawe mkono na kumuuliza ushanga huu kwao wapi, kwa sababu alijua ulichokuja kununua. Swali hilo likatembea vizazi hadi kwenye ghorofa yetu ya Crescent Town, likiwa limesahau chanzo chake na kubaki na hofu tupu. Wanaomwita Bibi mshenzi wasiniite kwenye karamu zao. Na wanaosema basi hakukosea, hao nao wakaangalie vile vidole.

Nilimpigia Bibi simu Tanga. Masikio yake mazito siku hizi, ikabidi nipaze sauti. Nikamwambia lile neno halikuwa ain. Ni jina la watu, Bibi, kama Wadigo, kama Wabondei.

"Na maana yake nini?"

Nilikuwa nimemuuliza Fumi. "Maana yake mtu, Bibi. Kwa lugha yao, ainu ni mtu. Binadamu."

Nilisikia jogoo wa jirani yake, na mtu akifagia uani.

"Kwa hiyo nilimuuliza ni za nani," akasema Bibi polepole, "naye akanijibu ni za watu. Yeye ni mtu."

"Ndiyo, Bibi."

"Nami nikampiga mchi."

Akapumua. Nilisubiri aseme wangeeleza mapema, aseme ni shetani, aseme mtoto alikuwa anakufa. Hoja zote hizo nilikuwa tayari kumpa.

"Mwambie nilimwogopa bure," akasema, na simu ikakatika, au aliikata.

Jumapili iliyofuata nikaufikisha ujumbe. Neno "bure" lilinisumbua kwa Kiingereza. Nikasema, Bibi anakiri kwamba alikuogopa na hapakuwa na sababu. Fumi alikuwa akimenya chungwa kwa mkono wake mzima, ule mwingine umekaa tu mapajani.

"Na mimi nilimwogopa," akasema. "Ila mimi nilikuwa na sababu."

Akacheka, kicheko kifupi, akanipa nusu ya chungwa. Haukuwa msamaha, na mimi niliyezoea kutafuta mshindi wa kila ubishi sikumwomba autoe. Tulikula chungwa. Nimeanza kuamini kwamba katika maisha yangu sitapata mizani iliyo sawa zaidi ya ile.